Fundi Anajibu: Tiger za Tunisia ziliishia wapi?

Mhariri kanipa barua nne safari hii, na zote zinahusu vifaru vya Mjerumani vya vita vya pili vya dunia, hasa kile kiitwacho Tiger. Ya kwanza, ya kijana wa Wete, ndiyo yenye maneno mengi, kwa hiyo ndiyo nitakayoikalia. Wenye maswali ya pampu za maji na pikipiki zinazotoa moshi mweusi mnisubiri toleo lijalo.

*Assalamu alaykum, Babu Fundi. Shikamoo. Sisi vijana wa baraza moja hapa Wete tunacheza mchezo wa vifaru kwenye simu na kila mtu anataka Tiger. Wenzangu wanasema batalioni ya 501 ya Mjerumani ilifika mpaka Afrika, huko Tunisia, na kwamba Tiger haikuwahi kupigwa na mtu. Mjerumani alishindwa kwa uchache tu. Mmoja anasema hata Michael Wittmann alikuwemo. Mimi nabisha lakini sina ushahidi. Nipe wa kuwanyamazisha. Mwanafunzi wa kidato cha nne, Wete.*

Wa alaykumu salaam, mjukuu wangu, marahaba. Kuwanyamazisha watu wa baraza siwezi kukuahidi, ila ushahidi upo.

Tumtoe Wittmann kwanza, maana ni rahisi. Huyo alikuwa mtu wa SS, yaani jeshi la chama cha Hitler, batalioni ya 101, na aliuawa Normandy, Ufaransa, tarehe 8 Agosti 1944. Baada ya kufa kwake, Septemba, batalioni yake ikabadilishwa namba ikawa 501 ya SS. Ndipo watu wanapochanganya. Iliyokuja Tunisia ni 501 ya jeshi la kawaida, na Wittmann hakupata kuwa ndani yake.

Hii ya kwetu iliundwa Mei 1942 katika mji wa Erfurt, chini ya Meja Hans-Georg Lueder. Wakati huo Tiger yenyewe ilikuwa haijaanza hata kutoka kiwandani kwa mfululizo. Kiwanda cha Henschel cha Kassel kilianza kuzitoa Agosti, na kufika Novemba vita vya Afrika vilikuwa vimeshageuka. Rommel, jenerali wa Mjerumani, alikuwa kishavunjwa El Alamein huko Misri, na tarehe 8 Novemba Wamarekani na Waingereza wakateremka Morocco na Algeria. Hitler akaamuru Tunisia ishikwe kwa vyovyote vile. Tarehe 23 Novemba Tiger tatu za mwanzo zikashushwa bandari ya Bizerte. Kombania ya pili ya batalioni ilikuwa imepelekwa kwanza kusini mwa Ufaransa, ikaja kufika Tunisia Januari.

Hesabu yake haikuwa kubwa. Kwa jumla 501 ilileta Afrika Tiger 20, zikichanganywa na Panzer III, ambazo ni ndogo zaidi. Mwezi Machi na Aprili 1943 batalioni ya 504 ikaongeza 11. Basi Tunisia nzima, mwanzo mpaka mwisho, iliona Tiger 31. Hapo wenzako wana haki, zilikuwa chache. Lakini wasikimbilie kulia na bahati mbaya. Tiger zote zilizowahi kutengenezwa hazikufika 1,400, na Mmarekani alitengeneza vifaru vyake vya Sherman kiasi cha 49,000. Mwenye kuamua kutengeneza chombo kigumu namna ile kaamua na uchache wake papo hapo.

Sasa tuje kwenye kupigwa. Mapambano ya kwanza ya Tiger za Tunisia yalikuwa Tebourba na Djedeida, mwanzo wa Desemba 1942, kilomita chache tu kutoka Tunis. Watu wakifikiria vifaru Afrika wanafikiria jangwa. Pale hakuna jangwa. Kaskazini ya Tunisia ni mashamba ya mizeituni na vilima na mito inayofurika. Mzinga wa mm 88 uliotengenezwa kupiga mbali ukajikuta ndani ya miti, adui yuko hatua kidogo tu. Waingereza na Wamarekani walisukumwa nyuma, hilo ni kweli. Ila Kapteni von Nolde, aliyeziongoza Tiger hizo, aliuawa siku ya kwanza, naye yuko nje ya kifaru chake. Chuma cha mm 100 hakimsaidii mtu aliyeshuka chini.

Mwezi huo huo mvua ikakaza. Mkesha wa Krismasi Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Wamarekani na Waingereza, alikwenda mwenyewe mbele kutazama, akawaona watu wanahangaika kuitoa pikipiki moja kwenye tope na haitoki. Akaahirisha mashambulizi ya Tunis. Tope halikuwa la Mjerumani wala la Mmarekani, kila mtu alipata fungu lake.

Naomba hapa unipishe niseme kama fundi, kwa sababu michezo ya simu haioneshi haya.

Tiger ina uzito wa tani 57. Injini yake ni Maybach ya silinda 12, ya petroli, ujazo wa lita 21, nguvu farasi 650 kwa zile za mwanzo. Tangi zake zinachukua lita 540, na kwa barabara nzuri hizo zinakupeleka kutoka mjini Unguja hadi Nungwi na kurudi, na labda kidogo. Ukiingia mashambani sahau hesabu hiyo. Magurudumu ni 24 kila upande, matatu kwa kila ekseli, yamepandana moja juu ya jengine. Yanatandaza uzito vizuri na kifaru kinakwenda laini. Sasa gurudumu la ndani kabisa likiharibika, unafungua ya nje kwanza, moja baada ya jengine, ndipo ulifikie. Tope na mawe hujaa katikati yake, na mpira wa magurudumu unachanika.

Giaboksi ndiyo iliyonifanya nicheke kwa uchungu. Iko mbele, kati ya dereva na mtu wa redio. Ikifa, haitoki mbele wala chini. Inatolewa kwa juu, na juu kimekaa kichwa cha kifaru chenye mzinga, uzito wa tani 11 hivi. Kwa hiyo kila giaboksi inayokufa unahitaji kreni ya kuinua kichwa kizima ukiweke pembeni, uifanye kazi yako, ukirudishe. Haya yafanywe uwanjani, mvua inanyesha, ndege za adui zinapita juu. Yeyote aliyechora mchoro ule hakuwahi kulala chini ya gari.

Mimi nimeshika spana tangu malori ya Bedford yalipokuwa yakiteremsha karafuu kutoka Konde. Lori la tani chache likikatika ekseli kilimani wakati wa masika, ulihitaji lori jengine kulivuta, na hilo la pili likizama nalo, una kazi mbili badala ya moja, na spea inangojewa kwa chombo kutoka Unguja. Tiger ni hayo hayo kwa tani 57. Wajerumani walikuwa na gari kubwa la kuvutia, la tani 18, nusu magurudumu nusu minyororo, likiitwa Famo. Moja halitoshi kuvuta Tiger. Yanafungwa mawili, na kwenye tope matatu. Kuvuta Tiger kwa Tiger kulikatazwa, kwa sababu unamaliza giaboksi ya kile kizima, ingawa walipobanwa walikuwa wakifanya.

Kwa hiyo kifaru hiki, kikisimama kwa bomu la kutega lililokata mnyororo, kitu ambacho mafundi wangekirekebisha kwa siku moja, kinapona tu kama jioni ile uwanja uko mikononi mwao. Wakirudi nyuma, wanakilipua wenyewe. Mjukuu wangu, ukitaka kujua Tiger za Tunisia zilikwendaje, usiulize ngapi zilitobolewa. Uliza ngapi ziliachwa.

Na kutobolewa pia zilitobolewa. Tarehe 20 Januari 1943, karibu na Robaa, wapiga mizinga wa Kiingereza wa kikosi cha 72 cha kuzuia vifaru walikuwa na mizinga yao midogo ya 6-pounder, yaani mm 57. Mbele Tiger ina chuma cha mm 100, lakini ubavu wa juu ni 80 na chini 60. Waliziacha zikaribie, wakapiga ubavuni. Mbili zikabakia pale pale. Hizo ndizo Tiger za mwanzo kuangushwa na jeshi la Magharibi, miezi miwili tu tangu zishuke Bizerte. Waambie wenzako tarehe hiyo.

Mwezi wa pili ulikuwa mzuri kwa Mjerumani. Tarehe 14 Februari, Sidi Bou Zid, Wamarekani walipoteza vifaru vingi vibaya sana, na kesho yake walipeleka batalioni nyengine, nayo ikaangamia karibu yote. Vijana wanazipa Tiger sifa hiyo. Zilikuwepo, ila chache. Kazi kubwa ilifanywa na Panzer III na IV na mizinga ya kawaida, na makamanda wa Kimarekani waliokuwa wageni wa vita. Hapo hata bila Tiger wangeshindwa.

Kisha ikaja operesheni ya Ochsenkopf, ambayo ndiyo iliyoimaliza 501 ya Afrika. Tarehe 26 Februari Kanali Rudolf Lang alipewa vifaru zaidi ya 70, Tiger zikiwemo, aende kuuteka mji wa Beja. Njiani kuna mahali panaitwa Sidi Nsir. Waingereza waliweka pale betri ya 155 ya mizinga, mizinga minane ya 25-pounder, pamoja na askari wa miguu wa kikosi cha Hampshire. Mizinga hiyo si ya kuzuia vifaru hasa, ni ya kupiga mbali, lakini waliishusha wakapiga moja kwa moja. Walishikilia mchana kutwa. Jioni ilipoingia vifaru vilikuwa juu ya mizinga, na katika wapiga mizinga wale waliorudi kwa wenzao ni watu tisa.

Lang akapita. Ila siku moja ilikuwa imeshakwenda, na nyuma ya Sidi Nsir Waingereza walikuwa wanapanga mabomu na mizinga kwenye bonde walilolipa jina la Hunt's Gap. Mvua ilikuwa imenyesha. Mashamba ya pande zote mbili yameloa, kifaru kikitoka barabarani kinazama. Iko barabara moja nyembamba. Sasa fikiria msururu wa vifaru barabara moja, cha mbele kimekanyaga bomu mnyororo umekatika, cha nyuma hakiwezi kupita kushoto wala kulia, na juu ya vilima wako watu wenye mizinga waliokwisha kupima masafa. Kikosi cha mafundi kilikuwepo, Famo zilikuwepo, lakini huwezi kufunga minyororo ya kuvutia mahali ambapo mtu akiinua kichwa anapigwa. Tiger saba zilipotea hapo, nyingi zikilipuliwa na wenyewe. Lang aliyeondoka na vifaru vile vyote akarudi na vichache, na askari wake mwenyewe wakambandika jina la Muuaji wa Vifaru, na vifaru vyenyewe ni vya kwao.

Mabaki ya 501 yakaunganishwa na 504 chini ya Meja August Seidensticker. Walipigana mpaka mwisho, na wakipata nafasi nzuri juu ya kilima waliwaumiza watu. Lakini meli za mafuta na spea kutoka Italia zilikuwa zinazamishwa baharini. Tunis na Bizerte zilianguka tarehe 7 Mei, na tarehe 13 Mei 1943 jeshi zima likasalimu amri, mateka kiasi cha robo milioni, Wajerumani na Wataliani. Hakuna Tiger hata moja iliyorudi Ulaya mikononi mwa Mjerumani.

Namba 501 ilifufuliwa baadaye mwaka huo kwa watu wapya na Tiger 45, ikapelekwa Vitebsk, Urusi. Mrusi alipofyatua mashambulizi yake makubwa ya Juni 1944, ikafutika. Ikafufuliwa tena kwa Tiger II, hizo za karibu tani 70, ikapelekwa Poland. Nyingi ziliharibika zikiwa njiani kutoka stesheni ya treni kwenda vitani. Tarehe 13 Agosti 1944 karibu na kijiji cha Ogledów, luteni wa Kirusi Aleksandr Oskin, kwenye kifaru chake cha T-34, alizivizia zikipita na ubavu wazi, akachoma tatu. Warusi waliziteka nyengine wakazichukua kwao; moja iko makumbusho ya Kubinka mpaka leo. Mwisho wa mwaka ikapewa namba 424, na Januari 1945 ikavunjwa kwa mara ya tatu. Safari hiyo haikufufuka.

Batalioni iliyokufa mara tatu kwa miaka miwili, na kila ilipofufuliwa ilipewa vifaru vipya. Wenzako wakisema haikupigwa, waulize basi vilikwenda wapi.

*Babu Fundi, shikamoo. Mzee wetu alikuwa askari wa KAR wakati wa vita vya pili. Alikuwa akitusimulia "tulimpiga Mjerumani na vifaru vyake." Wajukuu zake sasa wanataka kujua kama alipambana na hivi vya Tiger. Tuna nishani yake ndani ya kopo, lakini karatasi hatuna. Mama wa Kiembesamaki.*

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu mzee. Tiger hapana, na nitakwambia kwa nini nasema kwa uhakika. KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, katika vita vya pili walikwenda pande tatu. Kwanza Somalia na Ethiopia, 1940 na 1941, kumpiga Mtaliani, mpaka Gondar iliposalimu amri Novemba 1941. Pili Madagascar, 1942, dhidi ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Mjerumani. Tatu Burma, 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiteremka bonde la Kabaw kumfukuza Mjapani, kwenye mvua na malaria. Katika pande hizo tatu Tiger hazikuwepo.

Ila usiwaambie watoto kwamba mzee alitia chumvi. Walikuwepo watu wa Afrika Mashariki waliopelekwa Misri na Libya katika vikosi vya kazi, kupakua meli, kuchimba, kujenga barabara, kulinda maghala. Huko Mjerumani alikuwepo na vifaru vyake, Panzer III na IV, na ndege zake zilipiga mabomu wapakuzi kama zilivyopiga wapiganaji. Mtu aliyekuwa huko ana haki ya kusema "tulimpiga". Shehena isiposhuka melini hakuna aliyempiga yeyote.

Fungua hilo kopo utazame utepe. Ukiwa na rangi ya mchanga, mstari mpana mwekundu katikati, na mistari miwili myembamba, wa buluu nzito na wa buluu ya mbingu, basi ni nishani ya Africa Star. Hiyo ilitolewa kwa Afrika ya Kaskazini na pia kwa vita vya Ethiopia, kwa hiyo peke yake haijakujibu. Tazama kama juu ya utepe pana kipande kidogo cha chuma chenye maandishi "8th Army" au namba 8. Kikiwepo, alikuwa na Jeshi la Nane, lile lililotoka El Alamein mpaka Tunisia. Ukiwa utepe ni buluu nzito pande mbili, nyekundu katikati, na mstari wa machungwa ndani ya kila buluu, alikwenda Burma. Usiisugue nishani kwa majivu wala ndimu, watu wanaharibu vitu kwa usafi.

Kama alikuwa mpiga mizinga, waulize wazee wa ukoo habari za meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa kwenda Colombo na ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, na ndani yake kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikufa zaidi ya watu 1,200. Wengi wanaotajwa katika familia zetu kwamba "alikwenda vitani hakurudi" wanatafutwa Burma, kumbe Burma hawakufika.

*Bwana Fundi, mnasifu chuma tu. Hao Watunisia ambao mashamba yao ndiyo yaliyopigwa vita, walikuwa wapi? Msomaji wa Jang'ombe.*

Swali zuri, na si la fundi, lakini nitalijibu kwa ninayoyajua.

Tunisia ilikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa, ina mtawala wake, Bey Moncef, na Mfaransa juu yake, kama sisi wakati ule ule tulivyokuwa na Sultani Khalifa bin Harub na Mwingereza juu yake. Hakuna aliyewauliza Watunisia kama wanataka vita. Bizerte ilipigwa mabomu mpaka ikawa magofu. Mizeituni ya Tebourba iliyochomwa haioti kwa msimu mmoja, na mabomu ya kutega yalibaki kwenye mashamba baada ya majeshi kuondoka. Ufaransa iliporudi, siku moja tu baada ya Wajerumani kusalimu amri, ilimvua Bey Moncef madaraka ikidai alisuhubiana na adui. Watunisia wengi wakamfanya shujaa kwa sababu hiyo hiyo.

Mayahudi wa Tunisia walipata lao. Wajerumani walikusanya wanaume kwa maelfu wakawafanyisha kazi kwa nguvu, kuchimba mahandaki na kutengeneza viwanja vya ndege chini ya mabomu. Aliyesimamia jambo hilo Tunis ni ofisa wa SS, Walter Rauff. Huyu kabla ya kuja Afrika alikuwa mmoja wa waliohusika na magari yaliyobadilishwa bomba la moshi likaelekezwa ndani ya bodi, na watu wamefungiwa humo. Kuna fundi aliyeichomelea bomba ile. Nimefanya kazi na moshi wa injini maisha yangu yote na sijui mtu anarudi vipi nyumbani jioni baada ya kazi kama hiyo.

Kwa hiyo msomaji wa Jang'ombe, sisifu. Tiger za Lueder ndizo zilizomnunulia Rauff miezi sita ya kukaa Tunis. Vijana wa baraza la Wete nao wasome barua hii.

*Mzee Fundi, assalamu alaykum. Mimi ni seremala wa Chake Chake. Mteja, mgeni mwenye hoteli, anataka nimchongee Tiger ya mti wa mfenesi kwa mfano wa ile inayotembea mpaka leo huko Uingereza. Ipo kweli? Na vipimo nitavipata wapi?*

Wa alaykumu salaam, fundi mwenzangu. Ipo, na imetoka katika vita hivi hivi. Ni namba 131, ya batalioni ya 504. Aprili 1943, kwenye vilima vya karibu na Medjez el Bab, ilipigwa na vifaru vya Waingereza viitwavyo Churchill. Kombora moja likabana pale kichwa kinapozungukia, kikashindwa kugeuka. Waliokuwemo wakaruka wakakimbia na hawakuilipua. Kwa yote niliyomweleza kijana wa Wete, utaona ajabu yake: ile waliyosahau kuiharibu ndiyo inayotembea mpaka leo. Mfalme George wa Sita na Waziri Mkuu Churchill mwenyewe walioneshwa mjini Tunis, ikapelekwa Uingereza mwaka ule ule, na tangu 1951 iko makumbusho ya vifaru ya Bovington. Waliifanyia ukarabati wa miaka mingi mpaka ikawaka tena. Injini iliyotiwa si ile yake ya kwanza, ni Maybach nyengine, HL 230, iliyotoka kwenye Tiger II ya makumbusho hayo hayo. Wanaitembeza siku chache tu za mwaka, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Vipimo hivi hapa. Urefu wa bodi bila mzinga mita 6.3, pamoja na mzinga ukitazama mbele mita 8.45. Upana mita 3.7, kimo mita 3. Kama mteja anataka cha kuweka juu ya meza, gawa kwa 20. Bodi sentimita 31 na nusu, na mzinga 42, upana 18 na nusu, kimo 15. Magurudumu ni sentimita 4 kila moja, na mnyororo upana wake ni sentimita 3.6.

Bodi ya Tiger haina ulaini, ni mabamba yaliyosimama wima kama sanduku, kwa hiyo msumeno utakusaidia kuliko tezo. Kichwa ndicho chenye mviringo, umbo la kwato ya farasi, na kikate peke yake kizunguke kwenye kijiti. Magurudumu usihangaike nayo yote 48. Nunua fimbo ya duara ya sentimita 4, ukate visahani, na kwa kuwa mengi yanajificha nyuma ya mengine, weka safu mbili tu zipandane na hakuna atakayekudai ya tatu. Namba 131 iandike ubavuni mwa kichwa kwa rangi nyekundu yenye ukingo mweupe. Mfenesi acha ukauke vizuri kabla hujaunganisha mzinga, la sivyo utalegea kabla mteja hajalipa nusu iliyobaki.